Hawa watu wa angani wanazikana wapi?

Shangazi yangu alikuja kukaa kwangu Pasua, hapa Moshi, kama miezi miwili kwa ajili ya kliniki ya sukari, na mimi jioni nikishatoka kazini sina mambo mengi, naunganisha laptopu na tivii naendelea na sizoni zangu, na yeye anakaa pale kwenye kochi na kanga yake miguuni tunaangalia wote. Kizungu hakimwingii, kwa hiyo nikawa namtafsiria kama wale jamaa wa kibanda umiza, nasimamisha, huyu kasema hivi, yule kamjibu hivi, haya twende. Siku ya tatu au ya nne tuko kwenye Battlestar Galactica, ule mwanzo wake wa 2003, sayari zao 12 zote zimepigwa mabomu ya nyuklia, waliobaki hai hawazidi sana 50,000 na wote wamo ndani ya meli za angani wanakimbia hawajui waendako, na kwenye ile meli ya kivita maiti zimepangwa chini, kuhani wa kike anaomba. Shangazi akaangalia weee, akaniuliza, "Sasa hawa watawazika wapi?"

Nikamwambia shangazi hawana pa kuzika, wako angani.

Akasema, "Angani si pa kuzikia." Akanyamaza kidogo afu akaongeza, "Na watoto wao watajuaje kwao ni wapi?"

Mimi hizi sizoni nimeanza kuziangalia tangu niko sekondari, nazitafuta kwenye maduka ya DVD kule karibu na stendi, baadaye kwenye flashi, na kwa miaka yote hiyo kilichokuwa kinanivuta ni dini iliyomo humo ndani. Risasi na maroboti nilikuwa navumilia tu. Nimebishana na watu usiku kucha kama Mungu wa humo ni Mungu kweli au ni kiumbe tu cha sayari nyingine chenye mashine nzuri. Swali la shangazi sijawahi kujiuliza hata mara moja. Na tangu aliulize siwezi tena kuziangalia kama zamani, ndo maana naandika.

Kwa ambaye si wa huku kwetu nielezee kidogo. Sisi Wachagga wa mlima Kilimanjaro mtu wetu anazikwa kihambani, yaani shambani kwenye migomba na kahawa, hatua chache kutoka mlangoni. Baba yangu yuko pale Marangu, pembeni yake babu, na masale, mmea wetu wa heshima, yameota yamezunguka. Desemba tukipanda nyumbani wote, mzee akishika kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, anamwaga kidogo chini kwanza, na huyo huyo mzee Jumapili yuko kanisani KKKT, kwa Walutheri, benchi la mbele, na bibi yangu alipokuwa anaomba kwa Kichagga alikuwa anamwita Mungu Ruwa, jina ambalo lilikuwepo kabla hajaja mmisionari yeyote na ndilo hilo hilo neno la jua. Mimi nimekulia hapo katikati. Kwa hiyo mtu akiniambia dini ni kuamini jambo fulani kuhusu nani aliumba nini, naona ameshika kipande kidogo sana.

Na hapo ndo Star Trek za mwanzo zilikuwa zinaniumiza. Gene Roddenberry aliyeianzisha 1966 aliamini binadamu wa baadaye ameshaivuka dini, ameikua kama mtoto anavyoacha nguo ndogo. Kuna episodi ya 1967 wanamkuta Apollo, yule mungu wa Wagiriki, mzima kabisa, yuko kwenye sayari yake peke yake anawasubiri watu waje wamwabudu kama zamani, na kumbe ni kiumbe tu chenye nguvu aliyewahi kufika duniani. Wanampiga hekalu lake mpaka anaishiwa nguvu, anatoweka kwenye upepo. Kapteni Kirk anamwambia kwamba binadamu hawahitaji tena miungu mingi, mmoja anawatosha, na hiyo sentensi mimi nimeishikilia miaka mingi kama mtu anayeshikilia kona ya blanketi, maana ilikuwa kama mlango umeachwa wazi kidogo. Afu 1989 kwenye Star Trek ya pili kuna watu wa kijiji fulani wanaanza kumwona Kapteni Picard ni mungu, na yeye ili kuwaonyesha kwamba ni mtu wa kufa kama wao anakubali mtu amlenge upinde, anapigwa mshale, anavuja damu mbele yao. Ni episodi nzuri sana, naiheshimu. Ila mungu wa humo ni kosa tu la kuona, ukielimishwa linaisha. Yule baba aliyempiga mshale alikuwa amefiwa na mke wake, alichotaka ni Picard amrudishie, na episodi ikiisha mke bado amekufa na hakuna mtu anayezungumza naye habari za kaburi. Wamemwondolea mungu wake wakapanda meli wakaondoka.

Stargate SG-1, iliyoanza 1997 ikaenda misimu 10, ni mwendo ule ule, akina Ra na Apophis, wale miungu wa Misri ya kale, ni wadudu wanaoingia miilini mwa watu wakajifanya miungu. Teal'c aliyekuwa askari wa hao miungu akawaasi nampenda sana, sitaki kusema zaidi.

Iliyonigeuza ni Deep Space Nine, nayo ni Star Trek, 1993 mpaka 1999. Steringi ni Benjamin Sisko, anachezwa na Avery Brooks, Mmarekani mweusi, baba anayelea mtoto wa kiume peke yake, na kwa mimi kijana wa Moshi mwaka ule nilipoipata hilo peke yake lilikuwa kubwa. Wanampeleka kituo cha angani karibu na sayari inaitwa Bajor, ambako watu wametawaliwa kikatili miaka 50 na wakoloni Wacardassia, wametoka juzi tu. Wabajor wanaamini Manabii wao wanaishi kwenye hekalu la mbinguni. Sisko anagundua kweli kuna tundu pale angani, njia ya mkato ya kwenda upande mwingine kabisa wa nyota, na ndani mwake mna viumbe wasioishi kwenye muda kama sisi, kwao jana na kesho ni kitu kimoja. Wenzake wanawaita viumbe wa kwenye tundu. Wabajor wanawaita Manabii. Wanaongelea vitu vile vile, hakuna anayedanganya. Na Sisko bila kupenda anaambiwa yeye ndiye Mjumbe wao.

Mwisho wa msimu wa kwanza kuna ile episodi ya shule. Mwalimu kwenye kituo anafundisha watoto habari za lile tundu kisayansi, anakuja mama mmoja wa dini, Winn, anasema huwezi kufundisha watoto wetu hivyo, wazazi wanawatoa watoto shuleni, mwisho shule inalipuliwa. Mtoto wa Sisko anamwambia baba yake hawa watu wajinga. Baba anamkatalia. Anamwambia miaka zaidi ya 50 hawa watu wameteswa na imani hiyo ndiyo iliyokuwa tumaini lao na ujasiri wao, na kwamba wale viumbe kwao wakati ujao unaonekana sawa na uliopita, sasa kwa nini wasiitwe manabii. Nilisimamisha hapo nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Sikuwahi kusikia mtu kwenye tivii akimlinda mwamini bila yeye mwenyewe kuwa mwamini na bila kuuma maneno kuhusu sayansi.

Na huyo Winn sasa! Nikikutana na mtu ananiambia Winn ni adui tu nakaa naye chini. Ndiyo, anataka madaraka, anafanya mabaya mengi, anakuja kuwa mkuu wa dini nzima ya Bajor na bado haridhiki. Ila kuna mahali, 1996, anamjibu Kira aliyekuwa mpiganaji wa msituni, anamwambia nyie mlikuwa na silaha, mimi nilikaa kambi ya wafungwa miaka 5 napigwa, na nilichokuwa nacho ni imani yangu tu na ujasiri. Huyo ndo mtu yule yule. Na siri yake inayomla ni kwamba maisha yake yote Manabii hawajawahi kusema naye neno. Wamesema na Sisko ambaye hata hawaamini, yeye aliyepigwa kwa ajili yao, kimya. Mimi nawajua watu wanaobeba hicho kitu, wanahubiri kila wiki na ndani pakavu, na sijaona mahali pengine pamesemwa kwa uchungu namna ile. Shangazi naye alimwona Winn akasema taratibu, "Huyu hajawahi kulia mbele ya mtu."

Sasa Babylon 5. Aliyeitunga, J. Michael Straczynski, anasema wazi haamini Mungu, na kati ya episodi 110 aliandika mwenyewe 92, na bado watawa na makuhani wa humo wameandikwa kwa heshima kuliko nilivyoona kwa waamini wengi. Kuna ya 1994 ambapo kila jamii ya angani inaonyesha dini yake, na zamu ya binadamu ikifika kamanda wa kituo anawapanga watu mstari mrefu, anaanza na asiyeamini, anafuata Mkatoliki, Mbudha, Mwislamu, Myahudi, mstari hauishi. Machozi yanakaribia kabisa. Afu anafika kwa mmoja anatambulishwa kama Mbantu. Mbantu tu basi. Hiyo si dini, ni mamia ya makabila yenye lugha na makaburi tofauti, na nilihisi kabisa pale mtu alitaka kutukaribisha ila hajui jina letu.

Episodi iliyomfanya shangazi aniambie "zima" ni ile ya mtoto mgonjwa, nayo ya 1994. Wazazi wake ni wa jamii inayoamini ukimchana mtu ngozi roho inatoka, kinachobaki ni ganda. Mtoto anahitaji upasuaji, mdogo tu, bila huo atakufa. Daktari Franklin anawabembeleza, wanakataa, wanazunguka kwa mabalozi wote kuomba msaada hakuna anayewasaidia, mkuu wa kituo anamkataza daktari asimpasue. Daktari anampasua. Mtoto anapona, anaamka anacheka, na wazazi wakimwangalia wanaona kitu kilichoingia kwenye mwili wa mtoto wao. Wanarudi baadaye wametulia, wanamvika joho la safari, wanamchukua. Daktari anagundua kwa kuchelewa kwamba lile joho ni la safari ya wafu. Anakimbia anakuta mtoto ameshalazwa, wameshamuua, na wao wanaomboleza yule aliyekufa kwenye upasuaji.

Nilizima. Tukakaa. Nikategemea atasema wale wazazi wapumbavu au atasema daktari hana imani, hakusema kimojawapo. Akaanza kunisimulia Loliondo.

2011 mtakuwa mnakumbuka, yule mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, Babu, aliyefariki 2021, alisema ameoteshwa dawa na Mungu, watu wakaenda Samunge kwa maelfu, kikombe shilingi 500. Shangazi alienda. Mimi nilikuwa shule nikamjibu vibaya sana wakati anaaga, nilimwambia shangazi unaenda kunywa maji ya mizizi, mbele za watu, na hakunijibu kitu. Miaka yote hiyo hatujawahi kuliongelea mpaka usiku ule.

Akasema walitoka Moshi watu saba kwenye gari la kukodi, wakapita Mto wa Mbu, Engaruka, wakapita chini ya Ol Doinyo Lengai, ule ambao Wamaasai wanauita mlima wa Mungu, vumbi la ule mlima likawajaa mpaka kwenye meno, na karibu na mwisho wakakuta foleni ya magari wasiione mbele yake. Walilala barabarani siku tatu. Vidonge vyake alikuwa navyo kwenye pochi na alimeza kila siku kama daktari alivyomwandikia, kabla ya kikombe na baada ya kikombe, "nani alikwambia niliacha?" akaniuliza, na kweli hakuna aliyeniambia, nilijitungia mwenyewe. Usiku wa pili mama mmoja wa gari la nyuma, ambaye jioni walikunywa naye uji kwenye kikombe kimoja, akafariki humo humo kwenye siti. Hakuna aliyekuwa anamjua vizuri. Walokole, Waislamu, Wakatoliki, Wamaasai waliokuwa wanauza maji pale, wote wakachanga, wakatafuta gari linalogeuza, wakampakia na ndugu yake mmoja arudishwe kwao akazikwe. Ndo shangazi akaniambia, "Kikombe nilikunywa, sukari ninayo mpaka leo unaiona. Ila yule mama hatukumwacha njiani."

Nilimwomba msamaha. Nilichelewa miaka mingi lakini nilimwomba.

Na kweli nikirudia ile episodi sa hivi naona kitu ambacho sikukiona. Ule ubishi wa nani yuko sahihi umewabana wote mpaka mtoto amelala pale na hakuna mtu mmoja wa upande mwingine anayekuja kukaa msibani. Daktari anabaki na hasira yake, wazazi wanaondoka na joho.

Baba yangu alifariki 2019. Nilikuwa kwenye korido ya hospitali, kuna benchi la bluu na dirisha linatazama migomba ya watu, na kwa muda mrefu sana sikutoka pale, nilienda kazini, nilikula, nilienda mpaka Arusha kikazi nikarudi, ila nilikuwa kwenye lile benchi. Ule mwanzo wa Deep Space Nine nilikuwa nimeshauona mara mbili, nikauangalia tena mwezi mmoja baada ya mazishi. Sisko anajaribu kuwaelezea Manabii muda ni nini, jinsi sisi tunavyotoka jana kwenda leo bila kurudi, na wao kila mara wanamrudisha kwenye meli inayoungua, pale mke wake Jennifer alipofia. Anawapigia kelele kwa nini mnanileta hapa. Wanamwambia siyo sisi, wewe ndiye unatuleta. Wewe unaishi hapa. Na jamaa analia, anakubali, ndiyo, sijawahi kuondoka hapa. Hakuna mahubiri yoyote ya msiba yaliyonifikia kama hiyo sentensi, na nimesikia mahubiri mazuri. Shangazi anapomwongelea baba hasemi alikuwa. Anasema kaka yuko pale. Nilidhani ni namna tu ya kusema ya wazee, kumbe anajua kitu ambacho Manabii wanajua, ila yeye ana mahali pa kukiweka, ana kihamba, ana jembe la kupalilia pale, na mimi nilikuwa na benchi tu.

Sisko mwenyewe mwishoni anaingia kwa Manabii, anamuaga mke wake wa pili ambaye ni mjamzito, anamwambia nitarudi, labda baada ya mwaka, labda jana. Nikamtafsiria shangazi. Akasema, "Basi huyo msimlilie kama mliyezika."

Battlestar Galactica tulimaliza wiki yake ya mwisho kwangu. Ile ya zamani ya 1978 ilitungwa na Glen Larson, Mmormoni, ndo maana ina makabila 12 na baraza la watu 12 na safari ya kutafuta kabila lililopotea, na huyu Ronald Moore aliyeifanya upya alikuwa ameshaandika Deep Space Nine, unaona kabisa mkono ule ule. Binadamu wana miungu wengi, maroboti waliotaka kuwaua wana Mungu mmoja, na Rais Laura Roslin ana saratani na kitabu chao kimesema kiongozi anayekufa atawafikisha watu nyumbani ila yeye mwenyewe hataishi humo. Watu wengi walikasirika na mwisho wake wa 2009, walitaka maelezo, na badala ya maelezo wakapewa malaika na Mungu asiyetajwa jina. Mimi sikukasirika. Ila mara ya kwanza niliuangalia kama mtu anayesubiri jibu la mtihani, kwa hiyo nilipitwa.

Wanapata nchi. Ni dunia hii yetu, miaka 150,000 iliyopita, na mwishoni kabisa wanasema mabaki ya mtoto wao mmoja wa kike, anayekuja kuwa mama wa wote, yamekutwa Tanzania. Jamani, wanataja Tanzania. Kwa sisi wa Arusha na Moshi tuliopelekwa Olduvai na basi la shule siyo jambo la kushangaa sana kwamba watu walianzia huku, lakini hao walikuwa wanatafuta tangu msimu wa kwanza, misimu minne, maiti wanazitupa angani moja baada ya nyingine, na walipofika wamefika kwetu. Roslin anakufa kwenye kichombo kidogo anaangalia wanyama chini. Mzee Adama, mkuu wa ile meli ya kivita, anamvisha pete yake. Halafu unamwona juu ya kilima, peke yake, amemzika, amepanga mawe, amekaa pembeni ya kaburi anaongea naye kama mtu anayeongea na mwenzake jioni, anamwambia nyumba nimeshaipimia leo, itaangalia mashariki, ungeona mwanga wa hapa jua likitoka nyuma ya ile milima.

Nilisahau kutafsiri. Shangazi akaniuliza mzee anasema nini, nikamwambia anajenga nyumba pale pale alipomzika mke wake.

"Imeangalia wapi?"

"Jua linakotoka."

"Hapo ni wapi?"

Nikamwambia wanasema ni Tanzania.

Akaitikia kwa kichwa. Tukaangalia mpaka majina yakaisha kupanda, akakunja kanga yake, akaniambia kesho nimtafutie hiace ya mapema ya Marangu, mvua zinakaribia na pale kwa kaka yake majani yatakuwa yamefika magotini.